MWENYE SUKARI AKIMBIE AU AKETI?

Na Mama Masweta, Kidato cha Tatu

Mwaka jana mhariri wa jarida hili aliniomba shairi, nikampa, na halikuchapishwa. Mwaka huu nimeleta jambo lisilo na vina wala mizani. Naomba ulisome mpaka mwisho, maanake mwisho wake unakuhusu wewe zaidi kuliko mimi.

Nianze na siku niliyoanguka.

Ilikuwa muhula wa kwanza mwaka jana, mbio za nyika baina ya madarasa, kilomita sita kwa wasichana. Njia mnaijua: getini, shamba la mahindi, darajani, halafu kupanda kilima na kurudi. Hapa kwetu Uasin Gishu mtoto asiyekimbia huulizwa kama anaumwa. Tulizaliwa tukawakuta wakimbiaji barabarani alfajiri kama tulivyowakuta ng'ombe malishoni. Basi nami nilikimbia, na sijisifu nikisema kwamba nilikuwa wa nne tulipovuka daraja.

Baada ya hapo nakumbuka vipande tu. Miguu ikawa mizito kana kwamba nimevaa gambuti zilizojaa maji. Midomo ikafa ganzi. Jasho likawa la baridi ilhali jua lilikuwa kali. Nikamkasirikia sana msichana aliyekuwa mbele yangu kwa sababu, ati, amekataa kunirudishia kalamu yangu. Kalamu gani, jameni, katikati ya mbio? Ubongo ulikuwa umekosa chakula, ukaanza kuzungumza mambo yake. Nikaiacha njia, nikaketi kando ya ua, halafu nikalala.

Walionikuta hawakukosa maoni. Mmoja alisema ni kifafa. Mwingine akasema ni pepo. Mwingine, na huyu namjua ingawa simtaji, akanong'ona kwamba nina mimba. Nikamwagiwa maji ya mto. Aliyeniokoa ni mwenzangu wa dawati, ambaye alikuwa amewahi kuniuliza mbona najidunga sindano nami nikamweleza. Alikimbia hadi kioskini, akaja na soda, akaniuliza jina langu ahakikishe nina fahamu za kumeza, kisha akaninywesha kidogo kidogo. Baada ya muda nikafumbua macho vizuri nikauliza ni nani aliyenilowesha.

Siku iliyofuata mwalimu akaniita. "Wewe usikimbie tena," akasema. "Sitaki kumrudishia mzazi maiti." Simlaumu, alikuwa ameogopa kweli kweli. Lakini tangu siku hiyo kila Jumanne na Alhamisi saa za michezo, wenzangu wakienda uwanjani, mimi niliketi chini ya mkaratusi nikilinda masweta yao. Ndipo nikapata jina hilo uliloliona hapo juu. Nililinda masweta kwa muhula mzima na nusu, na katika muda huo wote sukari yangu ilipanda, kliniki ikaniongezea dawa, nikaongeza na kilo. Kumbe kile kivuli hakikuwa salama kama tulivyodhani.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Watu wengi wakisikia kisukari humfikiria mzee mnene mwenye gari. Mimi nilipougua nilikuwa shule ya msingi, nimekonda kama ufito, nanywa maji mtungi mzima na kwenda choo kila kipindi, hata mwalimu akadhani natoroka hesabu. Chakula tunachokula, uwe ni ugali, ndizi au githeri, sehemu yake kubwa hugeuzwa kuwa sukari iitwayo glukosi, na damu huisambaza mwilini. Lakini glukosi haiingii katika misuli hivi hivi. Kuna kitu kiitwacho insulini, kinachotengenezwa na kongosho, ambacho hubisha hodi na kufungua mlango. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe huzishambulia chembechembe zinazotengeneza insulini mpaka zinaisha. Si kwa sababu ya peremende, wala si laana. Bila sindano mtu wa aina hii haishi. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka wa 1921, na mgonjwa wa kwanza kudungwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Huwa namfikiria. Waliotangulia kabla yake walifungishwa njaa ili waongezewe siku chache, basi.

Aina ya pili ndiyo ya watu wengi zaidi. Hapo insulini ipo, ila mwili umekuwa mkaidi hauitii vizuri. Nyanya yangu ana hiyo. Nyumba yetu ni moja lakini ina sukari mbili, na nitarudi kwa Nyanya baadaye.

Sasa mazoezi hufanya nini? Misuli ikifanya kazi huwa na njaa, na ajabu ni kwamba hujifungulia milango yenyewe hata pasipo insulini nyingi. Na ile insulini kidogo iliyopo hufanya kazi kubwa kuliko siku zote. Hiyo ndiyo habari njema, na ndiyo sababu ya madaktari kuwahimiza wenye sukari wafanye mazoezi badala ya kuwakataza.

Lakini hapo hapo kwenye habari njema ndipo ilipo hatari. Wewe msomaji usiye na sukari, ukianza kukimbia, kongosho lako hupunguza insulini papo hapo bila wewe kujua. Ini nalo, ambalo ndilo ghala, hutoa sukari iliyowekwa akiba. Misuli inachukua, ini linatoa, mizani inasimama. Mimi je? Insulini yangu niliidunga asubuhi. Haijui kwamba nimeanza kukimbia. Ni kama matatu iliyokwisha kuondoka stejini: hata upige mbinja namna gani hairudi. Itaendelea kufungua milango, na itaendelea kuliambia ini lifunge ghala. Kwa hivyo misuli inachota na hakuna anayejaza. Mtungi lazima ukauke.

Nilipokwenda kliniki baada ya kuanguka, muuguzi alinitaka nisimulie siku nzima, saa kwa saa, na tukahesabu makosa pamoja. Nilijidunga saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Dawa yangu ni ile ya mchanganyiko, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, ambayo huviringishwa viganjani kabla ya kuvutwa. Ndani yake mna sehemu mbili. Ile ya haraka hufikia nguvu zake baada ya saa mbili hadi nne hivi, na ile ya polepole huendelea kuwa na nguvu kuanzia katikati ya asubuhi mpaka alasiri. Halafu nilitembea kilomita nne kuja shule, maanake sisi wa kutwa mazoezi yetu huanza kabla ya kengele. Saa saba mstari wa githeri ulikuwa mrefu, na nilipofikiwa nikala vijiko vichache tu kwa kuogopa tumbo zito. Saa kumi firimbi ikapulizwa. Dawa ya polepole bado ina nguvu, tumboni hamna kitu, akiba imepungua, na sikuwa nimejipima tangu nyumbani. "Sasa wewe ulitarajia nini?" muuguzi akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Kosa jingine lilikuwa pajani. Nilikuwa nimedunga paja, na mguu unaokimbia hupata damu nyingi, kwa hivyo dawa iliyo chini ya ngozi yake hufyonzwa upesi. Muuguzi alisema kwa kuwa saa nyingi zilikuwa zimepita huenda hilo si kubwa kwa siku ile, lakini ni tabia ya kuacha. Siku hizi siku ya mbio nadunga tumboni.

Kisha alinichorea mstari wenye namba kwenye jalada la daftari, nami nimeukariri kuliko jedwali la elementi. Kipima changu husoma kwa milimoli. Vingine husoma kwa miligramu, na ukitaka kulinganisha unazidisha yangu kwa 18. Kipimo kikiwa chini ya 4, sukari imeshuka, na hapo hakuna kukimbia, ni kutibu kwanza. Kikiwa kati ya 4 na 5, nakula kitu, kama ndizi mbivu ndogo au kipande cha mkate, nasubiri, napima tena. Kuanzia 5 kwenda juu naweza kuanza, ingawa kwa mbio ndefu anapenda nianze nikiwa kati ya 7 na 10, na nikiwa chini ya hapo nitie kitu kidogo kinywani. Mbio zikipita nusu saa, naongeza kitu kidogo tena. Kikizidi 14, nina swali la kujibu kabla ya kuvaa raba, na swali lenyewe nitalieleza sasa hivi.

Hapa niseme kidogo kuhusu vile vijiti vya kupimia. Mtu akiandika vitabuni "pima kabla, pima katikati, pima baada", huwa najiuliza kama amewahi kuvinunua. Bei yake humtoa mzazi jasho kuliko hizo mbio. Mama na mimi tumekubaliana nyakati ambazo hatuzifanyii ubahili: kabla ya mbio, na kabla ya kulala siku ya mbio. Siku nyingine tunabana. Sipendi iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Haya, lile swali. Nikiwa kidato cha kwanza, jirani yetu mmoja mwenye nia njema aliniona nimekaa mnyonge. Nilikuwa na homa, na kipima kilikuwa kimesoma 19. Akaniambia, "Nenda ukimbie uichome hiyo sukari." Kwa akili ya kawaida ni sawa kabisa, si tumeshasema mazoezi hushusha? Nikazunguka uwanja wa kanisa mara kadhaa. Niliporudi kipima kilisoma 23, nikaanza kutapika, na usiku huo nililazwa.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Sukari inaweza kuwa juu kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni kwamba umekula chapati nne kwenye harusi na insulini iko inaendelea na kazi. Hapo matembezi ya polepole hayadhuru, tena yanasaidia. Ya pili ni kwamba insulini yenyewe haitoshi, labda umekosa sindano, au dawa iliharibiwa na jua, au una ugonjwa mwingine kama homa. Hapo misuli ina njaa katikati ya mafuriko ya sukari, maanake mlango umefungwa. Mwili huanza kuchoma mafuta bila mpango na kutoa taka zenye asidi ziitwazo ketoni. Ukikimbia, ini hudhani kuna shida, linamwaga sukari zaidi, na ketoni zinazidi. Pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, tumbo huuma, mtu hutapika na kuhema. Hiyo si hali ya mazoezi hata kidogo, ni ya hospitali, na huua. Kwa hivyo kipimo kikizidi 14 swali ni: je, kuna ketoni? Viko vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, na vipo vya damu. Ketoni zikionekana, au ukiwa mgonjwa, au unatapika, hakuna mbio. Na kama huna cha kupimia na hujui sababu ya sukari kupanda, basi keti, kunywa maji, pigia kliniki simu. Siku hiyo mkaratusi una haki yake.

Kuna siku nyingine ya kuketi ambayo watu huisahau. Ukishawahi kuanguka vibaya kwa sukari kushuka, saa 24 zinazofuata usikimbie. Mwili uliokwisha kupiga kamsa jana huwa hauna sauti ya kupiga nyingine leo, na unaweza kuanguka bila dalili.

Na dalili zenyewe ni za kuchanganya. Sukari ikishuka mtu hutokwa na jasho, moyo hupiga mbio, miguu hulegea, hutetemeka, husikia njaa. Sasa niambie, ni mkimbiaji gani wa kilomita sita asiyetokwa na jasho na moyo kumpiga? Mbio huficha dalili. Mimi nimejifunza zangu ambazo mbio hazina: midomo kufa ganzi, na hasira isiyo na sababu. Nikianza kumchukia mtu njiani bila kosa, nasimama. Wenzangu hucheka, lakini wamezoea. Nikisimama sianzi kujadiliana na nafsi yangu kwamba nimalize kwanza kilima. Natia kinywani vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Nasubiri dakika 15, napima, na kama bado iko chini ya 4 narudia. Ikipanda ndipo nakula chakula cha kushibisha. Andazi au chokoleti si dawa ya wakati huo, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia damuni.

Mtu akimaliza mbio salama hudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha! Misuli uliyoitumia alasiri huendelea kujaza maghala yake usiku, na huchota sukari damuni polepole wakati umelala fofofo. Hali hiyo inaweza kuendelea hadi siku ya pili. Mara ya kwanza nilipoanza tena mazoezi, Mama alinikuta saa nane usiku nimelowa jasho, shuka zimenishika mwilini, ninazungumza maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kipima kilisoma 3.1. Tangu hapo, siku ya mbio nala chakula cha jioni kamili, napima kabla ya kulala, na nikiwa chini ya 7 nakunywa maziwa na kipande cha mkate. Pia kliniki imenipunguzia dozi ya siku za mazoezi. Kiasi gani sitaandika hapa, kwa sababu kuna mtu atanakili kama anavyonakili hesabu yangu, na mwili wake si wangu. Kila mmoja aulize kwao.

Jambo dogo la kushangaza: mbio fupi si kama ndefu. Mita 100 au mashindano yenye kelele huweza hata kupandisha sukari kwa muda, kwa sababu ya wasiwasi na ule mshtuko wa nguvu za ghafla. Siku ya mashindano mimi hupanda kabla hata ya firimbi. Ukipima wakati huo ukakuta iko juu kidogo, usikimbilie kujiongezea dawa, huwa inashuka yenyewe, na ukiwa umeongeza utashuka nayo mpaka chini.

Nilisema nitarudi kwa Nyanya. Yeye hakimbii, lakini ndiye anayefanya mazoezi kuliko sisi sote. Wataalamu hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa siku tano, na si vyema kupitisha siku mbili mfululizo bila kitu. Nyanya hana saa. Akimaliza kula cha jioni huenda kwa shemeji yake ng'ambo ya barabara kuu kuuliza habari alizoziuliza jana, na kurudi. Hiyo ni nusu saa kamili. Kutembea baada ya chakula kunamfaa sana, kwa kuwa ndipo sukari inapopanda.

Tatizo lake ni miguu. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva, na mguu hupoteza hisia. Siku moja Nyanya alitoka shambani, akaingia nyumbani, na sisi tukaona nyayo za damu sakafuni. Msumari ulikuwa umemwingia wayo naye hakujua. Kidonda kile kilichukua miezi kupona. Sasa hatembei pekupeku hata uani. Huvaa soksi na viatu vya kufunika vidole, huvikung'uta kabla ya kuvaa kwa ajili ya vijiwe, na jioni mimi humwangalia nyayo kwa kurunzi. Macho pia yana habari yake. Mwenye mishipa ya macho iliyoharibika asinyanyue mizigo mizito mpaka apimwe, kwa hivyo debe la maji tumemnyang'anya, ingawa aligomba wiki nzima. Kuhusu vidonge, vile vya metfomini vikiwa peke yake ni nadra kuangusha mtu, lakini vile vinavyolisukuma kongosho, kama glibenklamidi, vinaweza, na anayevitumia naye atembee na sukari mfukoni. Na mzee yeyote anayesikia kifua kubana akitembea, asimame na aende hospitali, hiyo si sukari tena.

Sasa nilitokaje chini ya mkaratusi? Sikutoka kwa kulia. Muuguzi aliandika barua, na mimi nikaenda kwa mwalimu wa michezo nikiwa na ile barua na jalada la daftari langu. Nilimweleza kuhusu Gary Hall Mdogo, muogeleaji wa Marekani, aliyegunduliwa kuwa na aina ya kwanza, kama yangu, mwaka wa 1999, na mwaka uliofuata akapata dhahabu ya Olimpiki huko Sydney katika mita 50, na nyingine Athens mwaka wa 2004. Nikamweleza na Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aliyepata kisukari mwaka wa 1997 na bado akachukua dhahabu yake ya tano Sydney mwaka wa 2000. Mwalimu akasikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Hao walikuwa na madaktari wao. Wewe una nani?" Swali zuri, tena la haki. Nikamwambia nina mwenzangu wa dawati.

Akacheka, lakini tukakubaliana. Nisikimbie peke yangu. Nimwonyeshe kipimo kabla ya kutoka. Nisiruke chakula cha mchana siku ya mbio, na wapishi waniruhusu nipite mbele ya mstari, jambo ambalo limeniletea maadui wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Yeye naye awe na soda kwenye mkoba wa huduma ya kwanza. Mwaka huu katika zile zile kilomita sita nilikuwa wa kumi na moja. Nilisimama mara moja pale kilimani, nikala sukari yangu, wakanipita saba, nikaondoka tena.

Najua si mimi peke yangu hapa shuleni. Wako wanaojidunga chooni kimya kimya ili wasipewe majina. Ndiyo maana sehemu hii ya mwisho naielekeza kwako wewe usiye na sukari, kwa kuwa mimi nikianguka sitaweza kuisoma.

Ukimkuta mwenye sukari anayumba au anaongea upuuzi njiani, usimwagie maji. Usimcheke, na usimwache aende peke yake ati kupumzika. Mkalishe. Muulize jina lake. Akiweza kujibu na kumeza, mpe sukari au soda, na usiogope kwamba utamzidishia. Hata kama umekosea na sukari iko juu, kiasi hicho kidogo hakitamdhuru kama vile kukosa kunavyoweza kumuua. Asipoweza kujibu, au akiwa amezirai au anatupa miguu, usimtie chochote kinywani, hata tone, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, ondoa mawe karibu na kichwa, tuma mtu kwa mwalimu na mwingine atafute gari la kwenda hospitali, wewe ubaki naye. Usimdunge insulini, hata ukiiona begini mwake, maanake hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Kwangu mimi, sukari iko mfuko wa kushoto wa bukta, ndani ya kichupa cheupe cha dawa. Siku zisizo za michezo iko mfuko wa mbele wa begi, pamoja na kipima. Dawati langu ni la tatu kutoka dirishani, Tatu Mashariki. Aliyekionja kile kichupa wiki iliyopita akakiacha nusu, tafadhali akijaze.